Stuli ya Ua la Yustina

Jumatano, Julai. Upepo wa kipupwe unavuma tangu alfajiri, vidole vinagoma kushika kalamu.

"Mwanamume anayepigilia misumari kwa ajili ya ua ameishiwa hoja." Ndivyo alivyosema Ndugu Lazaro, karani mwenzangu, leo saa ya chai, na ofisi nzima ikacheka. Uongo. Hoja ninazo. Ua lile la mke wangu, Yustina, haliwezi kukaa nje, kwa kuwa baridi ya Ufipa mwezi huu inaunguza majani kama moto. Haliwezi kukaa sakafuni, kwa kuwa kuku wa majirani hapa Izia huingia nyumba yoyote wanayoitaka. Dirisha letu liko juu. Kwa hiyo ua linahitaji stuli: miguu minne na ubao. Nikamkumbusha kwamba yeye ameivalisha redio yake kitambaa cha kufuma, na hatujamwita bepari.

Wakamgeukia yeye, wakamcheka mpaka chai ikapoa.

Nimeshinda mabishano, nimerudi nyumbani na kukuta stuli imelala ubavu.

Niandike ukweli wote. Mbao nilizipata kwa Mzee Kisanko wa Malangali, baba mdogo wa mke wangu, fundi wa milango. Ni za mkaratusi uliopasuliwa mwezi huuhuu. "Mkwe, hizi bado zina maji," aliniambia. "Zipange darini juu ya jiko, zipigwe moshi mpaka tumalize kupura ulezi." Nilimjibu kwa hotuba. Nilimwambia taifa haliwezi kungoja moshi, na kwamba subira za namna hiyo ndizo zilizotuchelewesha. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa misumari.

"Haya, mkwe. Wewe ndiye uliyesoma."

Stuli ilisimama vizuri siku nne. Kisha upepo huu mkavu ukaanza kuzinyonya mbao. Mguu mmoja ukapinda, ubao wa juu ukabinuka. Niliona. Nikakunja gazeti, nikalisukuma chini ya mguu, nikaenda zangu kazini.

Leo kopo lililopandwa ua limeanguka na shina limekatika.

Ua hilo, lenye majani mekundu na ukingo wa kijani, marehemu mama yake Yustina alilipanda kando ya mlango wake kijijini. Mwaka wa kuhamia vijiji vipya, mimi ndiye niliyesimama mkutanoni kueleza faida za kuhama: shule, zahanati, bomba la maji. Bado naziamini, na niko tayari kubishana na yeyote. Lakini mke wangu aliomba siku moja tu, akachimbue mimea ya mama yake. Nikamjibu mbele ya watu kwamba lori la serikali halingojei maua. Watu walicheka siku ile pia. Yustina akavunja tawi moja, akalifunga kwenye kitambaa kibichi, akapanda lori. Nyumba ile ya mama yake ilibomolewa wiki hiyohiyo; tawi hilo ndilo lililokuja kupandwa katika kopo letu.

Hajawahi kunilaumu. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Mimi mwenye maneno kwa kila jambo sikuwahi kupata neno la kumwomba radhi. Ndiyo maana nilishika msumeno. Na hata radhi yenyewe nikaiomba kwa haraka, kwa mbao mbichi.

Nilipoingia jioni alikuwa amechuchumaa akikusanya udongo. Nikaanza kumweleza tabia za mkaratusi.

"Baba Tumaini," alisema bila kuinua macho, "leo usieleze."

Amelitia tawi lililokatika katika glasi ya maji. Nikamuuliza kama litatoa mizizi.

"Baridi hii? Sijui."

Amelipeleka jikoni, karibu na joto. Mimi nimebaki na misumari niliyoing'oa, yote imepinda.

Kesho nitayasoma haya kwa sauti saa ya chai, na Lazaro acheke atakavyo. Makarani na maofisa wenzangu, ninyi mtakaotumwa tena kuhamisha watu: msipande jukwaani kabla hamjaingia katika nyumba zao. Kaeni chini. Muulizeni mama mwenye nyumba anataka kubeba nini, kisha zimeni lori, mngojeni akichimbue na mizizi yake.