Mbwa Aliyepigwa Muhuri

Jumanne, 3 Februari 1998
Kompyuta ilinishinda, nikaishinda, ikanishinda tena. Lakini leo nimejenga nyumba bila jiwe hata moja! Programu hii mpya si ya kuchora mistari. Unasimamisha ukuta, nao unajua kuwa ni ukuta—unene wake, urefu wake, mlango wake. Ukisogeza dirisha kwenye plani, linasogea lenyewe kwenye karatasi zote. Na mimi miaka sita nimekwangua wino kwa wembe kila mstari ulipokosewa! Nilicheka peke yangu. Bwana Garama, msanifu majengo niliyeajiriwa naye, akachungulia kuona kama nimerukwa na akili.

Nyumba ni ya Bi Sidi, nesi mstaafu wa Msambweni. Anajenga Tiwi. Ghorofa moja, paa la makuti. Makuti programu haiyajui. Theluji inaijua. Nimeezeka vigae, nikavipaka rangi ya makuti.

Ijumaa, 6 Februari
Kumbe programu ina hata watu tayari, wa kupamba picha! Barazani nimemweka mama wa Kizungu mwenye kofia, mbwa mweupe miguuni pake, na mti wa Ulaya pembeni. Dirisha la juu lilionekana pweke, nalo nikalitilia mtu. Bwana Garama amependa. Zichapishwe hivyo hivyo, anasema, zipelekwe kuidhinishwa.

Jumatatu, 30 Machi
Plani zimerudi, muhuri kila ukurasa! Programu pia imejihesabia vifaa vyote, nikampa Katana, mjenzi, orodha. Jioni akaja nayo mkononi, mpole kabisa. Milango tisa, sawa. Madirisha kumi na manne, sawa.

"Lakini dada Mbithe, huyu mbwa mmoja, anamleta mjenzi au mwenye nyumba?"

Nikamwambia ni pambo tu. Na mama je? Pambo. Akaandika "pambo" kwa penseli. Hakuamini.

Jumanne, 6 Oktoba
Nyumba imekwisha, imenyooka. Na imekataliwa!

Mkaguzi, Bwana Mramba, alipima vyumba vyote. Hakuna kasoro hata ya inchi moja. Kisha akasimama nje, akatazama karatasi, akatazama baraza. Mbwa yuko wapi? Nikadhani anatania. Wapi! Akasema yeye si wa kuidhinisha, ni wa kulinganisha. Kilichopigwa muhuri ndicho kiwepo. Mbwa hayupo, mama hayupo, mti haupo—basi jengo halijakamilika. Nikamwambia nitawafuta sasa hivi, kitufe kimoja tu. Vyema, akasema. Plani mpya, maombi mapya, miezi miwili.

Na Menza, bintiye Bi Sidi, anaolewa Jumamosi hii, humo humo ndani! Bila cheti cha kuhamia hawaruhusiwi kuingiza hata mkeka. Bi Sidi hakunigombeza. Alinishika mkono tu.

"Mwanangu, mbwa ulimtia wa nini?"

Nimeona haya, sijapata kuona haya hivi.

Jumatano, 7 Oktoba
Mkaguzi anarudi Ijumaa. Plani haibadiliki, basi tuibadilishe Tiwi! Katana amepanda mvinje mahali pa mti wa Ulaya. Kwa mbali utakubali. Mbwa nimemwazima kwa Kivuva, jirani yetu kule Shimba Hills. Ni wa kahawia, lakini poda ya watoto ipo. Nilikwenda kumwomba Bi Sidi ruhusa, maana mbwa kwenye baraza la harusi ya Kiislamu si jambo dogo. Akafikiri sana. Haya, na aje. Akiondoka, baraza litaoshwa mara saba, moja kwa udongo.

Mama wa Kizungu hakupatikana. Rafiki yangu Mumbe, wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, aliwauliza wageni wao. Wamemwambia wamekuja kupumzika. Kosa ni langu. Kofia nitavaa mimi.

Ijumaa, 9 Oktoba
Naandika nimesimama barazani, kofia ya ukili kichwani. Mti—tiki. Mbwa—tiki, ingawa kila akipiga chafya poda inaruka. Mimi—Bwana Mramba alinisogeza nusu hatua kushoto—tiki! Bi Sidi yuko uani na ndoo zake saba. Menza ameshika mkeka.

Ikabaki karatasi moja. Mkaguzi akanyoosha kidole juu. Dirisha la ghorofani! Mama yule yule, kofia ile ile. Nilimnakili mwenyewe Februari. Menza akajitolea apande na kofia nyingine. Haiwezekani, akasema mkaguzi, karatasini sura ni moja. Nikasema basi nitapanda mimi.

"Panda, dada. Ila hapo barazani usiondoke."

Mkaguzi amekwenda garini kufuata miwani, alinganishe vizuri. Bi Sidi amechungulia kuniuliza kama tayari aanze kuosha. Mguu mmoja nimeshauingiza ndani, kuelekea ngazi. Wa pili bado uko barazani, mahali pake hasa, kando ya mbwa. Mlango wa gari umefungwa, anakuja—