Nati za Gari la Tess

Kwako Tess, mjukuu wangu mwenye kichwa kigumu kama changu,

Mimi mzima, ila meno yangu ya bandia yamepotea na namshuku mbwa. Kasuku wametafuna waya wa antena, kwa hiyo sisikii tena kriketi wala siasa. Hiyo ya pili nawashukuru.

Gari lako liko tayari. Nimekufungia zile rimu zinazong'aa, ingawa sasa linaonekana kama kikongwe aliyevaa hereni. Nati zako za zamani nimezitupa. Zile ni bapa, na rimu hizi matundu yake yana kingo za mshazari, yanataka nati zenye shingo ya mshazari ili zikae sawasawa.

Kaka yako nilimwambia hivyohivyo alipofunga rimu kama hizi kwenye gari lake. Darcy akacheka: "Babu, nati ni nati. Umezeeka mpaka unaogopa vyuma." Akarudishia zile bapa, akaondoka. Gurudumu lilichomoka likampita mbele, kisha gari likapinduka naye.

Basi Jumamosi ukilichukua, usiende moja kwa moja hadi Adelaide. Hata nati sahihi hulegea kidogo rimu zikiwa mpya, tena kwa barabara yetu hii ya vumbi na makunyanzi. Spana iko chini ya kiti. Ukifika kwenye msalaba tuliomsimikia Darcy, simama, ukaze zote upya. Kutoka hapa hadi pale ndio umbali uleule ambao nati huanza kulegea.

Na ukiwa umeinama pale, mwambie mimi bado nabishana naye.

Babu yako kibogoyo,
Clem