Maji Uliyoyapima Peke Yako

Baba mpendwa,

Neno “mpendwa” nimelifuta mara mbili kabla ya kuliacha. Nimeliacha kwa sababu ni kweli, na wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba kipimo cha kweli hakifutwi. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Unaikumbuka asubuhi ile ya Juni katika maabara ya shule, hapa Sumbawanga, miaka ile ya Ujamaa. Darasani nilikuita Mwalimu. Nyumbani tu ndiko ulikokuwa Baba. Ulinipanga meza moja na Oliva, binti wa mkulima wa Msanzi, tupime mvutano wa uso wa maji, yaani ile nguvu inayoushika uso wa maji kama ngozi. Tulisimamisha mrija mwembamba wa kioo ndani ya bika, kopo la kioo lenye maji, tukatazama maji yamepanda kiasi gani, tukakokotoa. Kitabu kilisema sabini na mbili. Sisi tulipata arobaini na nane.

Tulirudia mara tano, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Mara ya tano nilichoka, nikafungua kitabu, nikaandika sabini na mbili. Oliva aliiacha namba yake kama ilivyo, na pembeni akaandika joto la maji: nyuzi kumi na mbili. Daftari langu uliliwekea vema bila hata kusimama. La kwake uliliinua darasa zima lilione.

“Huyu hakupima maji,” ulisema. “Amepima uvivu wake.”

Darasa lilicheka, nami nilicheka. Oliva alijibu kwa utulivu kwamba huenda vyombo vina sabuni inayoulegeza uso wa maji. Hakuna asiyejua kwamba bika zetu zilikuwa zikienda kwenye mradi wa shule, kuchanganyia sabuni ya majivu na mafuta ya ng’ombe, na kwamba zilirudi zimesuuzwa zote kwa ndoo moja. Wewe ndiwe uliyeziruhusu, kwa kuwa mkuu wa shule alitaka mradi upendeze machoni pa wageni.

“Sabuni ya shule imekukosea nini?” ulimwuliza. “Au hutaki kujitegemea?”

Miaka ile swali hilo halikuwa mzaha. Kicheko kilikatika. Wiki ileile ulimwondoa katika darasa la fizikia, yeye aliyekuwa akinieleza jinsi atakavyojifunza kuleta bomba la maji Msanzi, kijiji kipya walikohamishiwa wazazi wake. Alipomaliza kidato cha nne alirudi Msanzi kulima ulezi.

Kwa miaka mingi nilikutetea moyoni. Nilijiambia kwamba ulikosea, na kukosea si dhambi. Kisha matanga yako yakaisha, nikafungua sanduku lako la bati, nikakuta daftari lako la maabara. Tarehe ni ya kesho yake. Mwandiko wako haujawahi kuwa safi namna ile: “Bika na mrija vimeoshwa kwa maji ya moto mara saba. Joto nyuzi kumi na mbili. Jibu: sabini na nne.”

Sabini na nne, Baba. Sabini na mbili ni ya maji ya chumba chenye joto. Maji safi yakiwa baridi kama yetu ya Ufipa hushikana zaidi. Kwa hiyo hata namba niliyonakili, ukaipa vema, haikuwa ya maji yale. Ulilijua hilo, na kwamba Oliva alisema kweli kuhusu sabuni, siku moja tu baadaye. Oliva alikaa shuleni kwa muda wa miaka miwili zaidi. Kila asubuhi alikuamkia shikamoo, nawe ukaitikia marahaba, ukapita.

Mwezi uliopita nililipeleka daftari hilo Msanzi. Oliva alifuta mikono yake kwenye kanga, akasoma polepole. Nilimsubiri akulaani, nakiri kwamba nilitamani akulaani.

“Joto lilikuwa ngapi?” aliniuliza.

Nikamwonyesha mstari.

“Basi Mwalimu alipima vizuri,” akasema, akanirudishia daftari, akaenda kuanua ulezi wake.

Amekupa haki uliyomnyima, tena bila kupandisha sauti. Mimi siwezi, na sitajifanya kwamba naweza. Nitalala na hasira hii kama wewe ulivyolala na namba yako. Pumzika, Baba, kama kimya chako cha miaka ile kinakuruhusu.

Ni mimi binti yako, niliyenakili.