Mluzi Wako na Mukene wa Kalerwe

Baba yangu,

Kapteni bado mzima. Najua ndiye ungemuulizia kwanza kabla yangu mimi mwanao, na sikasiriki, nimeshazoea.

Tangu tulipokuzika kule Gulu, tumerudi hapa mtaani Namuwongo, mimi na Kapteni, mbwa wako, polisi mwenzio mstaafu. Koti lako liko palepale nyuma ya mlango. Mfukoni bado mna harufu ya mukene, wale dagaa wakavu wa soko la Kalerwe uliokuwa ukifundishia mbwa wa kikosi. Mluzi, mbwa anakuja, dagaa mmoja, "Safi sana!" Wenzako walishika fimbo, nawe ukawacheka: "Wewe napiga mbwa, yeye najifunza kuogopa wewe tu." Hata mimi ulinilea hivyo. Nikiosha vyombo bila kutumwa, nilipata "Safi sana!" na karanga kiganjani. Mpaka leo nikimaliza sahani ya mwisho nasimama kidogo, nasubiri.

Nilikukumbuka mno, Baba, nikaanza kupiga mluzi wako jioni. Kapteni alitimka mpaka getini, mkia juu, na kwa kitambo kile ilikuwa kama unaingia. Hakukuta mtu wala dagaa. Kesho yake nikarudia, na siku zilizofuata. Akaanza kuja akijikokota. Juzi aliinua sikio moja tu, akalala tena.

Nililia. Ulisema mara ngapi? "Usiite mbwa bure. Ukiita bure, yeye nasahau." Niliona ni mimi ninayekufuta kichwani mwake, na hakuna mwingine anayekusubiri getini.

Jana nikaenda Kalerwe kununua mukene, nikavaa koti lako, nikapiga mluzi. Akaja polepole. Nikampa dagaa, nikamwambia "Safi sana!" kwa ile sauti yako nzito. Leo asubuhi amekuja mbio, mzee wa watu, nusura aniangushe! Lakini hakutazama geti. Ametazama mkono wangu.

Imeniuma, Baba. Halafu nikacheka, maana ungeniambia mbwa hana kosa, amejifunza.

Pumzika sasa. Kapteni nitamtunza mpaka mwisho wake, na mluzi wako sitaupiga tena mikono mitupu. Vyombo vya leo nimeviosha vyote, sikutumwa na mtu. Nimesimama kidogo, kisha nikajiambia mwenyewe, kwa sauti yako, "Safi sana!"

Mwanao,
Akello