Pepani ya Yaya Nicole

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimerudi kambini Dzaleka na zipu pungufu na kichwa kimejaa. Leo mjini, soko la Chilinde, nimekutana na yaya Nicole. Dada yangu mkubwa! Nachagua zipu za sare za kwaya, kumbe anayeuza vitenge meza ya pili ni yeye. Amenenepa. Miaka yote hii nikiulizwa, nasema sina dada.

Akanishika mkono. Akasema, "Pepani, mudogo yangu." Basi. Mteja akaja, akamgeukia, nami nikaondoka bila kuaga.

Pepani! Kwa nini Kichewa? Tumelelewa nyumba moja Uvira, maneno yetu tunayo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemuuliza Mai Zimba, Mmalawi anayeuza nyanya karibu na cherehani yangu, hiyo pepani maana yake hasa nini. Ukimkanyaga mtu, akasema, unamwambia pepani. Ukienda msibani pia, pepani. Nikamwambia achague moja. Akanicheka.

Kwa hiyo? Ameniomba msamaha, au amenipa pole — kana kwamba Mama alikuwa wangu peke yangu! Vita vilipokuja, yeye ndiye aliyetangulia kuvuka ziwa na wanawe, akaahidi kurudi kumchukua Mama. Hakurudi. Mama akamngoja mpaka akafa. Tukamzika mimi na majirani wachache waliobaki. Sasa pole ya nini?

Gauni la Elodie wa kwaya nimelitia zipu kichwa chini. Inafungwa kwa kuvuta chini! Amenuna. Nimecheka, halafu nikalia. Sijui nina nini.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefumua. Nimeshona tena. Vumbi, upepo. Nimechoka kuwaza.

Jumamosi, 9 Agosti

Yaya amepiga simu. Namba yangu kaipata wapi, sijui. Sauti ndogo.

"Kama unakubali, nitakuja kesho tumalize matanga ya Mama. Mi peke yangu siwezi. Na we peke yako hauwezi."

Kweli. Kwetu nyumbani mtoto mmoja hamalizi matanga huku mwenzake yuko hai. Ndiyo maana kile kitambaa changu cheusi cha matanga bado kiko sandukuni. Mara ngapi nimetaka kukitupa, mkono unakataa.

Nikasema njoo. Nikakata simu, nikajuta. Nikashika simu nimwambie asije — nikajuta tena. Mtu gani mimi?

Ila kuna jambo. Majirani walipokuwa wanakimbia, Mama alitaka kwenda nao. Mimi ndiye niliyemwambia, ngoja, yaya atakuja. Kila asubuhi, ngoja. Mpaka miguu yake ikashindwa safari. Hili sijamwambia mtu. Labda hasira yangu yote kwa Nicole... sijui. Nalala.

Jumapili, 10 Agosti

Sijaenda ibada. Sombe, kisamvu cha kwetu, iko motoni tangu asubuhi. Napika ya wawili, halafu najiambia hakuna anayekuja.

Amekuja! Kashuka kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, vumbi mpaka kwenye nyusi, kakumbatia kitenge kipya. Nilikuwa nimepanga maneno makali, mengi tu. Yameenda wapi? Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Pepani, yaya."

Akashusha kitenge.

"Ni pole unanipa, ao unaomba musamaha?"

Niulizwe mimi! Hilo swali lilikuwa langu. Nikamwambia ngoja, kama nilivyomwambia Mama; naleta kiti.

Kiti kiko hapa nyuma ya pazia. Nimekikalia mwenyewe, naandika. Kitambaa cheusi nimekitoa, kiko magotini. Sombe inaungua, nasikia harufu. Yeye yuko mlangoni, anapangusa vumbi, anakohoa kidogo. Haniiti. Anangoja tu.