Nacheza Ili Nisimwambie Mke Wangu

Mshauri mpendwa,

Nakuomba msaada, na naandika haraka kabla vidole havijarudi kwenye mchezo. Nina miaka sabini na moja. Mimi na mke wangu, Fumie, huu ni mwaka wa kumi na tatu tunaishi Koriyama, katika nyumba ambayo bado tunaiita ya muda, na tangu mwezi wa nane kila asubuhi nikimaliza supu yangu nafungua kompyuta, naingia kwenye kivinjari na kucheza ule mchezo wa zamani wa kutungua vyombo vya angani, vile vinavyoshuka safu kwa safu, kulia, kushoto, hatua moja chini, vikizidi mbio kadiri vinavyopungua, na mapigo manne ya muziki wake yakiharakisha hadi moyo nao unayafuata, na nikifa naanza tena, na nikishinda naanza tena, maana mtandaoni hakuna sarafu ya kuisha mfukoni.

Mchezo huo naujua. Mwaka wa sabini na tisa niliweka mashine yake katika mgahawa wetu wa kahawa kule pwani, mashine ya meza, skrini ikiwa chini ya kioo, mteja anaweka kikombe juu yake na kupiga. Vijana wa bandarini walinifundisha mbinu ya kuwaacha maadui washuke mpaka mstari wa mwisho kabisa, kwa sababu wakikukaribia kiasi hicho risasi zao hazikupati. Wateja walipouchoka mchezo sikuiondoa mashine, niliiacha ikiwaka miaka yote, na paka wetu wa mwisho, Goma, akagundua kwamba kioo kile kina joto, akawa analala hapo majira yote ya baridi, na aliyetaka kucheza ilibidi amwombe ruhusa.

Nakuja kwenye jambo lenyewe. Siku tuliyoamriwa kuhama kwa sababu ya ajali ya mtambo wa nyuklia, Fumie alikuwa ameshaketi garini na mama yangu, akaniuliza dirishani, "Goma je?" Nikamjibu, "Nimemfungulia mlango wa nyuma, amekimbilia kwa jirani, kwa kina Nemoto." Sikumfungulia. Nilimwekea chakula cha siku mbili na bakuli la maji, nikafunga milango yote kwa ufunguo, kwani nilisikia redioni kwamba tutarudi baada ya siku mbili tatu, na niliogopa akitoka atapotea. Baadaye, tuliporuhusiwa kuingia kwa saa chache, Fumie haendeshi gari, nami kila mara nilikuwa na kisingizio, mara mvua, mara mgongo, na kila majira ya kuchipua yeye husema, "Goma mjanja, lazima alipata watu wa kumlisha," nami huitikia.

Sasa mgahawa unabomolewa. Karatasi ya kukubali ubomolewe nimeigonga muhuri mwenyewe. Jumapili hii ndiyo nafasi yetu ya mwisho kuingia, Jumatatu mitambo ya kubomoa inaanza kazi. Fumie ameandaa mkoba tangu wiki iliyopita: glavu, barakoa, ubani, kitambaa cheupe, na pakiti ya dagaa wakavu, nadhani wa kutafuna njiani. Jana alisimama nyuma yangu na fagio mkononi.

"Baba Chinatsu, hao wadudu wako hawajaisha tu tangu tukiwa wachumba?"

"Wanakuja wengine."

"Basi waambie Jumapili hatupo nyumbani."

"Mgongo unaniuma."

"Mgongo! Unakaa hapo saa nne mfululizo kama sanamu, hauumi. Likitajwa gari tu, huo, umeanza!" Kisha akaweka fagio chini. "Nitamwomba Chinatsu anipeleke. Ila ningependa uwe wewe."

Nikabonyeza kitufe, nikaanza upya. Mshauri, nikicheza sioni kitu kingine, hiyo ndiyo dawa yake. Nikiacha nakiona kile kioo, nafungua makabati nayafunga, natoka kutembea narudi kabla sijafika kona. Nimwambie, baada ya miaka yote hii? Au nimwombe binti yetu atangulie kuingia, aondoe chochote kilichobaki, mama yake asione?

Mgeni wa Koriyama

*

Mzee wangu,

Pole. Ipokee mapema, kwa sababu nyuma yake yanakuja maneno makali.

Siku ile hukufanya ukatili. Ulimfungia kiumbe unayempenda mahali pa joto, ukaamini ulichosikia. Wasomaji wengi wa gazeti hili waliacha mnyama nyuma kwa hesabu hiyo hiyo ya siku mbili, na baadhi yao wameniandikia. Kwa hilo sina la kukukaripia. Nakukaripia kwa lile jibu la dirishani, na zaidi kwa kila mwaka ulipomwitikia. Mbinu ya vijana wa bandarini inafaa mchezoni peke yake. Umeiacha siku ishuke mpaka mstari wa mwisho ukidhani hapo haitakupata. Itakupata Jumapili asubuhi, mlangoni, mkeo akiwa pembeni yako.

Tena rudia kuutazama mkoba wake. Ubani, kitambaa cheupe, dagaa. Nani anatafuna dagaa akiwa na barakoa usoni? Sisemi kwamba Fumie anajua. Huenda alishuku tangu mwaka wa kwanza na anangoja kinywa chako. Huenda anampelekea paka sadaka bila kujua alifia wapi. Vyovyote iwavyo, yeye amejiandaa zaidi kusikia kuliko wewe ulivyojiandaa kusema.

Kumtuma binti yenu usithubutu! Utamrithisha uongo mtoto uliyemzaa.

Fanya hivi. Leo, mkinywa chai ya alasiri, izime kompyuta kabisa. Keti karibu naye umwambie: nilifunga mlango, sikumfungulia, nilikudanganya. Usimtaje mama yako wala redio wala walivyosema watu; sababu atakuuliza akizitaka. Msamaha usiuombe leo, utakuwa unampa kazi juu ya huzuni. Akilia, usitoke chumbani. Akinyamaza, usitoke chumbani.

Jumapili uendeshe gari wewe. Mkifika, muulize kama anataka kuingia nawe au kungoja nje, na atakalosema lifuate. Mkimkuta Goma, Fumie ndiye aamue azikwe wapi. Msipomkuta, usikimbilie kusema kwamba basi alipata pa kutokea. Sema hatukumkuta, ukomee hapo.