Kaseti ya Sinema ya Mlango

Baba Wekesa,

Usicheke herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Ni masomo ya ngumbaru haya, ya sisi watu wazima, yale ulisema ati yatanipotezea jioni. Sasa soma.

Ile kaseti ilikuja. Umekufa bila kuisikia, na hiyo ni shida yako. Nilikwambia uende hospitali, ukasema kikohozi ni cha vumbi.

Unakumbuka wale watu wa sinema waliokuja huku kwetu juu ya Kimilili? Mwanamume anabeba mlango mpaka kilimani, anausimamisha kwa nyasi, anabisha. Wanawake wanatwanga kinu hakina kitu. Ng'ombe amelala kitandani. Tulipoenda kuiona Bungoma, watu walipiga kelele wakitaka sinema ya ngumi. Nikakuuliza, "Sasa huyu anabisha, nani yuko ndani?" Ukasema, "Nyamaza, mama, sikiliza." Wewe hukuangalia hata picha. Ulikuwa unasikiliza nyuzi za litungu lako tu, zile walikurekodi ukipiga, na umenishika mkono, mtu mzima!

Basi muziki wa hiyo sinema ndio wametia kwa kaseti. Wamemletea mtoto wetu Wekesa kule kwake mjini, Tuwan, picha ya mlango iko juu. Ndani ni wewe, uzi mmoja mmoja, polepole, na nyuma wameweka upepo wa yale mapango ya Elgon. Inatisha. Jirani yao alisikia kidogo, akachukua kikapu chake, akaenda bila kuaga. Mimi siogopi. Mimi nasikiliza vidole. Kile chenye kovu la panga kinachelewa kidogo, nakijua.

Na katikati, Baba Wekesa, hao watu wameniacha humo! Ile siku ya kurekodi walisema kila mtu anyamaze. Mimi niko jikoni, nani aliniambia? Naona ng'ombe wako shambani. Nikakuita kwa heshima, kimya. Nikakuita tena, kimya. Ndipo nikapasua sauti: "Makokha! Ng'ombe wanamaliza mahindi!" Jina lako lenyewe, kama naita mtoto wa shule. Mke gani huku kwetu anataja jina la bwanake? Mama yako alininunia mpaka mavuno. Na wewe hukuitika. Ulicheka kwa pua, ukaendelea kupiga. Hata hicho kicheko kiko.

Sasa habari. Bibi ya Wekesa amepata kijana. Mtoto analia tu, mchana na usiku. Hana homa, tumbo ni sawa, titi anakataa. Unajua maana yake, kuna marehemu wetu anatafuta jina. Wakaniita Tuwan nitaje waliotangulia, mtoto anyamaze akisikia lake. Nikataja baba yako, analia. Nikataja mjomba wako Khaemba, analia. Nikataja mpaka wale hatukuwapenda. Wekesa ananiangalia tu. "Mama, umeruka mmoja."

"Wewe ulinifundisha kuhesabu lini?"

Sikutaka, Baba Wekesa. Jina lako likishakaa kwa mtoto, basi, umeenda kabisa. Mimi nitabaki nabisha mlango wa kwenye nyasi, kama yule wazimu.

Bibi ya Wekesa amechoka, macho mekundu, akawasha kaseti afunike kile kilio. Litungu. Upepo. Mtoto analia juu yake. Halafu mimi, na ile sauti yangu mbaya: "Makokha!"

Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa kwa redio, macho wazi. Na wewe ukacheka kwa pua.

Nilitoka nje nikasimama kwa kamba ya nguo. Wasinione.

Basi ni Makokha. Nitabisha nini, na ni mdomo wangu wenyewe umelisema? Bibi ya Wekesa hawezi kutaja jina la baba mkwe wake, anamwita Kuka, babu, na mtoto hana hata jino. Lakini mimi nitaliita. Nitaliita shambani, sokoni, mbele ya watu, na mama yako huko aliko anune tena.

Litungu lako wale watu wa sinema walilitaka, nikakataa. Ngozi nimeipaka mafuta. Vidole vyake vikipata nguvu nitamwekea mapajani, na kaseti nitamchezea, ajue alikotoka. Hilo nakuahidi, na mimi si kama wewe, nikisema naenda hospitali naenda.

Haya, lala sasa. Nilikuita siku ile hukuitika. Huyu nikimwita, anageuka.

Mimi, mama Wekesa wako.